Ushahidi wa Nyundo

Miongoni mwa njia zote walizobuni wanadamu ili kupatanisha mwenye mali na mwenye fedha, mnada ndio unaodai uaminifu kwa sauti kubwa kuliko zote. Dukani bei huandikwa na muuzaji peke yake. Faraghani bei hunong'onwa baina ya watu wawili. Lakini mnadani bei hupanda ngazi baada ya ngazi mbele ya macho ya watu, na nyundo inapogonga meza kila aliyekuwapo aweza kusema kwamba alisikia. Kwa sababu hiyo bei ya mnada hutumiwa kuwa ushahidi hata na watu ambao hawakununua, hawakuuza, wala hawakukanyaga mahali pale. Yafaa kuuliza, basi: ushahidi huo ni wa nani, na mwenye kuutoa ana deni gani kwa wale wanaousadiki?

Swali hili huonekana wazi katika minada ya magari ya kale, yale ambayo matajiri wa Marekani na Ulaya huyakusanya, kuliko katika mnada wa ng'ombe au wa mazao. Ng'ombe huuzwa kila juma, na aliyedanganywa Jumamosi hii atasahihishwa na bei ya Jumamosi ijayo. Gari la Ferrari 250 GTO, kwa upande mwingine, lilitengenezwa kwa hesabu ya 36 tu baina ya 1962 na 1964, na huweza kupita miaka kadhaa pasipo hata moja kunadiwa hadharani. Tangazo moja la mauzo hapo halina jirani wa kulikanusha. Husimama peke yake kama mnara katika uwanda, na kila msafiri hupima njia yake kwalo.

Tarehe 17 Agosti 2019, katika mnada wa RM Sotheby's huko Monterey, jimbo la California, lililetwa jukwaani gari la mwaka 1939 liitwalo Type 64, kazi ya Ferdinand Porsche. Liliundwa kwa ajili ya mashindano ya kutoka Berlin hadi Roma, mashindano ambayo vita viliyazuia yasifanyike. Mnadi alitaja bei ya kufungulia, na kiwambo kikubwa cha ukumbini kikaonyesha dola milioni 30. Watu wakashangilia. Ikafuata 40, kisha 50, kisha 60, kisha 70, na kwa kila hatua shangwe ilizidi. Ndipo mnadi akasema kwamba ametaja 17, si 70. Bei ilikuwa imepanda kutoka 13 tu. Kiwambo kikarekebishwa, na shangwe ikageuka zomeo. Hapana aliyepandisha tena, na gari likaondoka bila kuuzwa. Baadaye nyumba ya mnada ilieleza kwamba jambo hilo halikuwa mzaha wala hila, ila ni kusikiana vibaya kulikozidishwa na msisimko wa watu.

Kwa Kiingereza kumi na tatu na thelathini hutofautiana kwa mwisho wa neno tu, na aliyeketi mbali huweza kuzichanganya. Kwa Kiswahili kosa hilo lingekuwa gumu kutokea katika bei ya kwanza, ijapokuwa katika ile ya mwisho saba na sabini zina undugu wa kutosha kumponza mtu. Lakini si matamshi yanayofanya kisa hiki kistahili kukumbukwa. Watu wengi waliketi pamoja. Macho yao yalisoma kiwambo, masikio yao yakaafikiana na macho, na kila mmoja alimwona jirani yake akisadiki alichosadiki yeye. Ushahidi wa namna hiyo ungetosha kumfunga mtu gerezani, nao ulikuwa wa jambo lisilokuwapo. Tena uongo wa kiwambo ulishangiliwa, na ukweli wa mnadi ulizomewa. Mnadi yule anastahili sifa ambayo hakuipata ukumbini: alisema kweli mahali ambapo kweli ilikuwa hasara yake, hasara ya mwenye gari, na hasara ya furaha ya watu.

Makosa ya namna hiyo ni nadra, na husahihishwa upesi kwa kuwa hutendeka hadharani. Mara nyingi kinachoharibu uaminifu wa matokeo ya mnada si kosa wala si uongo, bali ni hesabu za kweli zilizopangwa pamoja.

Agosti 2018, katika mnada wa nyumba hiyo hiyo huko Monterey, iliuzwa Ferrari 250 GTO ya mwaka 1962. Makadirio yaliyotolewa kabla ya mnada yalikuwa baina ya dola milioni 45 na milioni 60. Nyundo iligonga katika milioni 44. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola 48,405,000. Mtu asiyejua desturi atadhani kwamba mojawapo ya hesabu hizi ni ya uongo, kumbe zote ni za kweli. Mnunuzi hulipa juu ya bei ya nyundo ada ya nyumba ya mnada. Katika mauzo hayo ada ilikuwa asilimia 12 ya dola 250,000 za kwanza na asilimia 10 ya zilizosalia, na jumla yake ni dola 4,405,000. Ada ya namna hiyo ilianza kutozwa na Christie's na Sotheby's huko London mwaka 1975, na tangu hapo imekuwa kawaida ya minada mikubwa. Ni halali na imeandikwa katika masharti ambayo kila mshindani huyakubali.

Walakini makadirio, kwa desturi, hayahesabu ada, na matokeo yaliyotangazwa huihesabu. Makadirio yamepimwa kwa pishi iliyosawazishwa ukingoni. Matokeo yamepimwa kwa pishi iliyorundikwa hadi kilele. Gari ambalo kwa kipimo kimoja lilipungukiwa na makadirio likaonekana kwa kipimo cha pili kuwa limeyapita. Mwandishi wa gazeti aliyeandika kwamba bei iliangukia ndani ya makadirio hakusema uongo, na msomaji wake hakuambiwa kweli. Mwenye gari, kwa upande wake, hapati milioni 48 wala aghalabu hapati milioni 44, kwa kuwa yeye naye huweza kukatwa ujira wa kunadiwa. Bei moja, basi, ina nyuso tatu: aliyotoa mnunuzi, aliyopokea muuzaji, na ile ya nyundo iliyosikika ukumbini, na gazeti huchapa ile iliyo kubwa.

Yapo mengine ya jamii hiyo, yasiyohitaji maneno mengi. Gari ambalo halikufikia bei ya chini aliyoiweka mwenyewe kwa siri huweza kuuzwa ofisini saa moja baadaye, au siku tatu baadaye, kwa mapatano ya watu wawili, kisha likaingizwa katika hesabu ya yaliyouzwa mnadani. Huenda bei hiyo ni ya haki kabisa. Lakini nyundo haikuigongea, wala hapana shahidi aliyeisikia, na inavaa nguo za bei zilizosikiwa.

Mfano ulio wazi wa uongo hasa haukutoka katika magari, umetoka katika picha zilizochorwa, ambazo hunadiwa kwa desturi zile zile. Mei 1981 nyumba ya Christie's huko New York ilinadi picha 8 za wachoraji mashuhuri wa Ulaya, mali ya kampuni moja. Ikauzwa moja tu. Baada ya mnada rais wa nyumba hiyo huko New York aliwaambia waandishi wa habari kwamba zimeuzwa 3, akaongeza juu ya ile moja picha ya Gauguin na picha ya Van Gogh ambazo hazikupata mnunuzi. Kweli ilitoka mwaka 1985, katika kesi iliyofunguliwa na wenye picha. Yeye akakiri, akaacha cheo chake, na nyumba yake ikatozwa faini ya dola 80,000. Sababu aliyoitoa ndiyo inayoleta kisa hiki katika uwanja wa falsafa: alikhofu kwamba habari ya kushindwa kwa mnada ule ingeangusha soko zima la picha.

Kwa maneno mengine, alidanganya kwa ajili ya wengine, au ndivyo alivyojiona. Na yamkini hakukosea juu ya soko. Waswahili husema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Mithali hii kwa kawaida hutajwa kuhusu uvumi wa nyumbani, wa ndoa na wa ugomvi, lakini hapana mahali inapotimia barabara kama katika bei. Mtu akisikia kwamba picha ya mchoraji fulani imeuzwa, hujasirika kununua nyingine kwa bei ile ile. Aliyemwona akinunua hujasirika baada yake. Na kabla mwaka haujaisha bei ambayo haikuwapo imekuwapo. Uongo juu ya hali ya hewa hauleti mvua. Uongo juu ya bei huleta bei.

Yupo atakayeshika hapo hapo na kusema kwamba jambo lililogeuka kuwa kweli halikumdhuru mtu. Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika insha yake ya mwaka 1797 juu ya uongo usemwao kwa kutaka heri, alikataa hoja ya namna hiyo kwa ukali. Alisema kwamba mwenye kudanganya, hata kama hamdhuru mtu fulani, huwadhuru wanadamu wote, kwa kuwa huyafanya matamko yasisadikiwe, na haki zote zilizojengwa juu ya ahadi hupoteza msingi wake. Jibu hili ni zito, ila ni pana mno. Mtu asiyependa kuguswa hupita katikati yake bila kuguswa. Wanadamu wote ni mdai asiye na uso. Mnada una ubora mmoja juu ya mfano wa Kant: unawezesha kuonyesha hasa ni nani aliyedhulumiwa.

Katika sheria ya Kiislamu, ambayo watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wameijua kwa karne nyingi, kuna jambo lililokatazwa liitwalo kwa Kiarabu najshi, yaani mtu kupandisha bei ya kitu asichokusudia kukinunua ili mwingine avutwe. Wanavyuoni wameafikiana kwamba ni haramu, wakatofautiana juu ya hukumu ya mauzo yenyewe. Wafuasi wa Shafi, ambao ndio wengi katika pwani hii, husema kwamba mauzo yanasihi na mwenye kutenda hila amepata dhambi. Wafuasi wa Malik humpa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu. Sheria ya Uingereza ya Mauzo ya Bidhaa ya mwaka 1893, iliyo mzazi wa sheria za namna hiyo za Kenya na Tanzania, iliamuru kwamba mauzo hutimia nyundo inapoanguka, na kwamba muuzaji hawezi kujipandishia bei isipokuwa haki hiyo imetangazwa mbele. Na ile ya 1979 iliyoirithi imeamuru vivyo hivyo. Kanuni ya Biashara ya Marekani, iliyopokelewa katika sehemu hii na majimbo yote isipokuwa Louisiana, inamruhusu mnunuzi aliyechezewa hila kuyavunja mauzo, au kukichukua kitu kwa bei ya mwisho iliyotolewa kwa nia njema. Inapendeza kuona jinsi wanasheria wa Madina na wa Amerika, wasiofahamiana hata kidogo, walivyofika karibu na jibu moja.

Lakini wote hao wanamtazama mtu mmoja: mnunuzi aliyesimama mnadani. Yeye ndiye aliyevutwa, yeye ndiye anayerudishiwa. Aliyesoma bei kesho yake gazetini, katika mji ulio mbali, hana nafasi katika sheria hizo. Naye ndiye ambaye tangazo la uongo humfikia, tena kwa nguvu zaidi, kwa kuwa hakuwapo kuona nani aliinua mkono na nani hakuinua.

Wachukuliwe ndugu watatu ambao baba yao, fundi wa magari, amefariki akaacha nyumba yenye deni na gari moja la kale chini ya turubai. Hawana ujuzi nalo. Wanatafuta gari la namna hiyo lililopata kunadiwa, wanaona limetangazwa kuuzwa kwa bei fulani, na wanaweka bei hiyo mioyoni mwao. Anakuja mtu mwenye kutaka, anatoa theluthi mbili, wanamwona mwizi. Anakuja wa pili, anatoa kama wa kwanza. Wanaona kwamba wameshauriana. Mdogo wao, mwenye haja ya fedha kwa ajili ya nyumba, anasema wauze. Mkubwa anamwambia kwamba ameiuza heshima ya baba. Wanakaa mwaka wa pili wakilipa riba ya deni, na maneno baina yao yamekwisha. Ikiwa ile bei waliyoisoma haikulipwa na mtu yeyote duniani, nani atakwenda kuwaambia? Wale wawili waliowaita wezi walikuwa watu wa haki, na hawatasafishwa jina. Hapa hasara si ya fedha peke yake. Tangazo limeingia nyumbani mwa watu wasiolijua, likamfanya mkweli aonekane mdanganyifu na ndugu aonekane msaliti.

Kwa hiyo hoja ya kwamba haya ni mambo ya matajiri, waache wadanganyane, haina nguvu inavyoonekana. Mwenye kununua kwa milioni 48 ana mawakili na wajuzi wa kumwambia nyundo iligonga wapi. Asiye nao ni yule aliye mwisho wa safu. Bei za magari haya zimefungamana: lile la fahari kuu huvuta lililo chini yake, na hilo huvuta la chini zaidi, hata kufika kwa kigari kidogo cha wazi alichokitengeneza fundi kwa mikono yake miaka kumi. Kampuni ya bima hukubaliana naye thamani kwa kutazama matokeo ya minada. Benki humkopesha kwa kutazama hayo hayo. Tajiri akidanganywa hununua ghali. Fundi akidanganywa huweka rehani.

Inabaki kusemwa juu ya kunyamaza, na hapa jambo ni gumu zaidi. Nyundo ikianguka usiku, bei hutangazwa usiku ule ule. Malipo huja baadaye, na mara nyingine hayaji. Mnunuzi hutoweka, au hugombana juu ya hali ya gari, au hurudi kuomba msamaha, na gari hurudishwa kwa mwenyewe kimya kimya. Tangazo lilipotolewa halikuwa uongo, na hapana aliyesema neno tangu siku ile. Je, nyumba ya mnada ina wajibu wa kurudi kwa watu na kusema kwamba jambo lile halikutimia?

Cicero, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya kuzaliwa Kristo, aliweka kisa kinachokaribia hiki. Mfanyabiashara mwema ametoka Iskandaria na shehena ya nafaka, amefika kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa, na bei ni kubwa. Njiani ameona merikebu nyingine nyingi zikija na nafaka. Awaambie watu wa Rhodes, au anyamaze na kuuza? Diogenes wa Babeli alisema kwamba kunyamaza si kuficha, na kwamba muuzaji hakufungwa kusema kila lenye faida kwa msikilizaji. Antipater, mwanafunzi wake, alisema kwamba lazima aseme, kwa kuwa faida ya watu na faida yake ni moja. Cicero mwenyewe aliegemea upande wa Antipater, na wanafunzi wa falsafa hawajaacha kubishana tangu hapo.

Katika kisa cha nyumba ya mnada, hata Diogenes hana kimbilio. Mfanyabiashara wa Rhodes hakupata kusema kwamba merikebu nyingine haziji. Alikuta watu katika ujinga wao akawaacha humo. Nyumba ya mnada yenyewe ndiyo iliyowapa watu habari. Bei iliyochapwa katika orodha ya matokeo haikusemwa mara moja ikaisha kama sauti hewani. Inasemwa upya kila mtu anapoifungua orodha na kuisoma, na jina la nyumba liko juu yake. Anayejua kwamba habari yake haikutimia na akaiacha isimame, huyo hanyamazi. Anaendelea kusema.

Kujitetea kuko tayari: biashara inataka siri, mwenye gari lililorudi hataki watu wajue, na gari lililokataliwa hadharani hupoteza thamani. Haya yote ni kweli, na kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapana apendaye mali yake ionekane ikijitembeza. Lakini siri ya mwenye gari ingeweza kulindwa kwa kufuta mstari mmoja katika orodha bila kutoa sababu. Kufuta hakumfedhehi mtu. Kinachopungua ni jumla ya mauzo ya siku ile, nayo ndiyo inayowavuta wenye magari kuyaleta mwakani. Shida ya ushahidi huu ni kwamba shahidi ana hisa katika kesi: hupata ujira kwa muuzaji, ada kwa mnunuzi, na wateja wapya kwa sifa ya matokeo aliyoyatangaza mwenyewe. Hilo halimfanyi mwongo. Mahakamani shahidi wa namna hiyo husikilizwa, ila husikilizwa pamoja na mwingine.

Baada ya fedheha ya Christie's, mji wa New York uliweka kanuni kwamba kitu kisichouzwa kitangazwe pale pale kuwa hakikuuzwa, ili ukumbi usiondoke na dhana. Kanuni za minada za mji huo zilifutwa mwaka 2022, katika juhudi ya kuwapunguzia wafanyabiashara mzigo. Kilichokuwa amri kikabaki kuwa hiari na adabu.

Pamoja na hayo yote, mnada ungali bora kuliko kinachosimama kando yake. Juni 2018 iliripotiwa ulimwenguni kote kwamba Ferrari 250 GTO moja imeuzwa faraghani kwa kadiri ya dola milioni 70. Yamkini ni kweli kabisa. Lilikuwa gari lililoshinda mashindano makubwa ya Ufaransa mwaka 1964, na magari haya hayalingani hata kwa ndugu wa baba mmoja. Lakini bei hiyo haikuwa na ukumbi wala nyundo. Miezi miwili baadaye ndipo ile ya Monterey ilipopata 48,405,000. Na Novemba 2023 huko New York, gari jingine la jina hilo, lililotarajiwa kuzidi milioni 60, likauzwa kwa dola 51,705,000 pamoja na ada. Wenye kuyataka magari haya husoma hesabu zote tatu katika safu moja, kana kwamba zimetoka kinywa kimoja. Mbili zina mashahidi wa kuulizwa. Ya tatu ina wasimulizi.

Bei kubwa kuliko zote zilizopata kutangazwa kwa gari lolote ina sehemu ya yote mawili. Tarehe 5 Mei 2022, ndani ya jumba la makumbusho la Mercedes-Benz huko Stuttgart, Ujerumani, ulifanyika mnada wa gari moja, la mwaka 1955, liitwalo kwa jina la Rudolf Uhlenhaut aliyelibuni. Hapakuwa na umma: waliokuwapo walialikwa mmoja mmoja. Ulimwengu uliambiwa baada ya wiki mbili kwamba limeuzwa kwa Euro milioni 135, na kwamba fedha hizo zitaanzisha mfuko wa kuwasomesha vijana. Hapana sababu ya kulishuku tangazo hilo; kampuni iliyolitoa imefunga jina lake na ahadi yake kwalo, na mfuko umeanzishwa. Magari ya namna hiyo yalitengenezwa mawili tu. La pili halikunadiwa, halikukadiriwa, wala halijapata kutolewa kwa mtu yeyote. Limo mikononi mwa kampuni huko Stuttgart, na wageni wanaolizunguka humwonyesha mwenzao kwa kidole na kumtajia bei yake.